Anayetazama Sufuria

3 Machi

Baba yangu kipenzi,

Na hilo la kukonda, sijakonda hata kidogo! Aliyekuambia hivyo aliniona nimevaa ovaroli ya kazini, na ndani ya ovaroli ile hata kiboko angeonekana anahitaji uji. Nimenenepa, Baba. Mashavu yamejaa mpaka tabasamu linakosa pa kukaa.

Shikamoo. Nimeruka salamu kwa sababu tangu jana nilikuwa nakujibu kichwani huku nimefungua feni ya mteja, na kalamu ilipofika mkononi maneno yakatangulia.

Baba, ndoa ni tamu! Mbona hamkuniambia? Mume wangu anaondoka na lori la maziwa kabla hakujapambazuka, na akiondoka anatembea kwa vidole vya miguu ili asiniamshe, kisha anagonga ndoo ya mlangoni. Kila siku anagonga ndoo ile ile. Namsikia anaiomba radhi ndoo, nacheka ndani ya mto. Saa nane mchana amesharudi, ananukia maziwa kama mtoto mchanga. Mimi narudi jioni kutoka karakana, vidole vyeusi kwa mafuta ya mashine, na chakula kinakuwa mezani. Tunakula huku magoti yetu yanagusana, maana meza yenyewe ni ndogo, na sitaki kubwa.

Jumamosi nilikwenda kununua keekee ya umeme, ya kutobolea kuta. Muuzaji alinitazama, kisha akatazama nyuma ya bega langu kumtafuta mwanamume niliyekuja naye. Nikamwambia niko peke yangu. Akaniletea seti ya vifaa vya waridi, nyundo yake ndogo kama ya kupondea karanga. "Hii ni ya kina dada," akasema. Nikamuuliza kama misumari nayo wanayo ya kina dada. Hakucheka. Mwishowe nikasema keekee ni ya mume wangu, na papo hapo nikaletewa kiti.

Siku ya harusi ulisema kuhusu mume wangu, "Bado namtazama." Mtazame, Baba. Lakini mtazame vizuri, maana hakuna kitu ninachokitaka duniani kama wewe kumpenda.

Binti yako,
Chiriku


9 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole, maana ya kwanza ilinikimbiza.

Nafurahi kwamba chakula kinakuwa mezani. Ndivyo mama yako alivyokulea. Ila usimzoeshe huyo Dereva kuingiaingia jikoni. Mwanamume akizoea jikoni anaanza kuhesabu vitunguu, na nyumba inakosa amani.

Nina kazi kubwa. Kampuni ya majiko ya gesi imekodi ukuta wote wa Mama Duka, ule unaotazama stendi. Bwana Mauzo wao ameniletea mchoro wa kufuata. Mwanamke amevaa aproni, anakoroga, anaichekea sufuria kana kwamba imemnong'oneza siri. Mume yuko mezani, tai shingoni, uma na kisu vimesimama mikononi kama mlinzi wa geti. Juu wanataka maandishi: JIKO LA MAMA ANAYEJALI.

Unajua kwamba kila mwanamke niliyemchora katika mji huu ana sura yako. Wa sabuni pale njia panda ni wewe. Wa unga wa ngano ni wewe. Siwezi kumchora mwingine. Basi nipigieni picha, wewe jikoni na mumeo mezani, niitumie kupata mikono na mikao. Mkono ukikosewa, ukuta mzima unadanganya.

Mama yako bado yuko kwa dada yako analea mjukuu. Mimi nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Baba yako,
Fundi Brashi


15 Machi

Baba yangu mimi,

Picha hii hapa! Tumeipata kwa jasho.

Mpiga picha wa mtaa wetu alipanda juu ya kiti akaanza kutuamrisha. "Mama, koroga! Koroga kwa upendo! Baba, ngoja chakula, ngoja kwa hamu!" Mume wangu alishindwa kungoja kwa hamu. Kila akijaribu anacheka, akicheka nami nacheka, mwiko unaanguka. Mpiga picha akasema, "Hivi nyinyi mmeoana kweli au mnaigiza?" Tukamjibu kwa pamoja, "Vyote viwili," ndipo tukacheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Tukamvua tai yake. Hiyo unayoiona shingoni kwa mume wangu ndiyo hiyo, na ina doa la supu, usilichore.

Aproni ni nzuri, siyo? Ina maua. Ilikuja bure na sufuria.

Nichore nikiwa mrembo. Na yeye mchore kama alivyo, maana kumzidisha uzuri haiwezekani.

Binti yako mwenye furaha,
Chiriku


20 Machi

Binti yangu,

Picha nimeipata. Nimeibandika ukutani, nikakaa mbele yake na chai yangu, nikashika penseli. Sikuchora kitu.

Nakueleza nilichokiona.

Umeshika mwiko kama bisibisi. Umesimama mbali na sufuria kama mtu anayengoja ilipuke. Aproni ina maua, sawa, lakini kamba zake zimeongezewa kitambaa ili zimzunguke mtu mwenye kiuno kipana kuliko chako, na zimekunjamana pale pale kwenye kiungo.

Mumeo naye ana tai shingoni na kitambaa cha jikoni begani. Alikisahau. Kimekaa pale kama kimezaliwa pale. Na macho yake, Chiriku. Mtu anayengoja chakula hutazama sahani, au humtazama mkewe. Huyu anatazama sufuria. Anaona inakaribia kufurika na anatamani kuinuka.

Nani anapika katika nyumba hiyo?

Mimi ni mtu wa kupaka rangi, siwezi kupakwa rangi. Umeona nini kwangu hata ukanificha? Au ni yeye amekuambia unifiche, kwa aibu? Na kama hana aibu, ni mwanamume wa namna gani? Hapa stendi wakijua watasema nimeozesha binti kwa yaya.

Baba yako


24 Machi

Baba,

Nimelia kidogo, nimecheka kidogo, sasa naandika.

Anapika yeye. Anapika, anafua, anakunja shuka kona kwa kona mpaka zinaonekana zimepigwa pasi. Hana aibu wala hakuniambia nifiche. Aliniambia, "Mwandikie baba ukweli, mimi naweza kutazamwa." Niliyeogopa ni mimi. Nilijua utasema hilo la yaya, na nikajua nikilisoma litaniuma. Nimelisoma. Limeuma.

Sasa nisikilize, maana wewe ndiye uliyenifundisha kupanda ngazi nikiwa mdogo na kopo la rangi kiunoni, na hakuna aliyekuuliza kama binti anapanda ngazi.

Yeye anarudi saa nane, mimi narudi jua limezama. Je, akae na njaa akinitazamia barabarani mpaka nije na mikono ya mafuta nianze kumenya vitunguu? Na anapenda kupika, Baba! Anaimba. Anauonja mvuke wa sufuria kwa pua huku amefumba macho. Akiweka sahani mbele yangu ananitazama nikila kijiko cha kwanza, na nikifumba macho anapiga meza kama aliyefunga goli. Mimi nimetengeneza taa yake ya jikoni, feni yake ya jikoni na bomba lake la jikoni. Kila mmoja anafanya anachokiweza na nyumba inacheka.

Ile hadithi ya keekee nilikusimulia nusu. Nusu ya pili ni kwamba yeye alikuwa upande wa pili wa duka lile lile, anachagua sufuria, na muuzaji wa huko anamwambia, "Kaka, mwache mama aje achague mwenyewe, nyinyi mnabeba zinazoungua." Tukakutana katikati, kila mtu mikono mitupu. Basi mimi nikasema keekee ni ya mume wangu, yeye akasema sufuria ni ya mke wangu, na tukahudumiwa kama wageni wa serikali. Aproni ya bure akakabidhiwa "ampelekee mama". Aliivaa jioni hiyo hiyo. Kwenye sabuni yetu ya vyombo pameandikwa "kwa mikono laini ya mama," na kila akimaliza kuosha ananinyooshea mikono, "Gusa, mama, gusa!"

Lipo jingine, na usikasirike. Ulisema ndivyo mama alivyonilea. Nilipokuwa nyumbani sikuwahi kupika, Baba. Mama alipika, mimi nikaleta sahani. Uliniona nimeshika sahani, ukaamini nimepika. Mama alinijaribu mara moja na wali ukatoka kama gundi ya mabango yako, akaniambia, "Mwanangu, wewe peleka tu." Na kwenye kuta zote za mji nikawa nakoroga!

Nilipita chini ya ule ukuta wa sabuni miaka yote ya sekondari. Nilikuwa najiona pale juu nacheka na beseni, nikafikiri, huyo ndiye binti anayependwa na baba. Huyu wa chini ana masizi kwenye kucha.

Yule wa chini ndiye aliyeolewa. Naye anakupenda sana.

Chiriku wako


12 Aprili

Baba,

Umenyamaza. Postamasta akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Sitakusumbua. Nataka tu ujue kwamba jana mume wangu alitengeneza chapati, moja ikatoka na umbo la pua yako kabisa, akakataa kuila. "Ni ya mzee," akasema. Mpaka asubuhi ilikuwa kwenye sahani peke yake, ikiheshimiwa.

Chiriku


17 Aprili

Kwa Dereva, mume wa binti yangu,

Habari za kazi. Barua hii ni yako, usimpe Chiriku aisome kwanza, ingawa najua ataisoma juu ya bega lako.

Nilimwambia mke wako kwamba nakula vizuri. Tangu mama yao aondoke nakula mkate na chai. Siku nyingine chai na mkate. Kwa Mama Duka nanunua kila kitu ila chakula, maana sijui kitu cha pale rafuni kinakuwaje chakula. Kwenye hoteli ya stendi mpishi ni mwanamume mwenye mabega kama mlango, na sijasikia mtu akimwita yaya. Nimekaa pale nikamtazama, nikajiuliza kwa nini.

Neno hilo nililokuita nimelifuta. Lakini wino haufutiki vizuri kama rangi, kwa hiyo naandika hapa: nisamehe.

Maharage yanapikwaje?

Baba mkwe wako,
Fundi Brashi


21 Aprili

Shikamoo Baba,

Kweli amesoma juu ya bega langu. Ananilowesha shati.

Hakuna cha kusamehe. Maharage ni hivi. Yachague kwenye sinia, maana mawe yanajificha. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale. Chemsha kwa maji mengi, moto mkali kwanza, halafu mdogo. Usitie chumvi mpaka yalainike, ukiwahi yanakuwa mabishi. Kitunguu kaanga pembeni kwenye mafuta, taratibu, kikiwa rangi ya mbao uliyopiga vanishi tia nyanya. Nadhani rangi hiyo unaijua kuliko mimi. Nyanya zikiiva mimina kwenye maharage. Usiondoke. Watu wengi wanaharibu kwa kuondoka.

Yakiungua usikwangue chini, hamisha ya juu.

Kwetu tulizaliwa wavulana watupu na mama yangu alikuwa muuguzi wa zamu. Aliyewahi kufika nyumbani ndiye aliyepika. Mpaka naoa sikujua kwamba kuna mtu anaweza kuona ni jambo la kuandikiana barua.

Nakuheshimu sana, Baba. Nitazame kadiri unavyotaka.

Mkweo,
Dereva


6 Mei

Watoto wangu wawili,

Ya kwanza niliunguza. Ya pili yalikuwa magumu, mtu angeweza kuyapigia manati. Ya tatu nimekaa nayo kama ulivyosema, sikuondoka hata nilipoitwa. Mama Duka alipita, akanusa, akaingia bila hodi, akaonja.

"Nani amekupikia?"

"Mimi," nikasema. Nililisema neno hilo kwa sauti ile niliyotangazia kuzaliwa kwa Chiriku. Alirudi na sahani yake mwenyewe.

Baada ya hapo nikapanda ngazi. Ule mchoro wa kampuni nimeuacha kwenye bahasha. Nimemchora Dereva mbele ya jiko, mikono ya shati imekunjwa, kitambaa begani, macho kwenye sufuria. Aproni yenye maua. Doa la supu sikuliweka, kwa heshima ya mwenye nyumba wenu.

Stendi nzima ilisimama. Kondakta mmoja akapaza sauti, "Fundi! Huyo bwana kalishwa nini?"

"Maharage," nikamjibu. "Kapika mwenyewe."

Dada mmoja aliyebeba ndoo akauliza, "Anaishi mtaa gani? Ana kaka?" Nikamwambia anao wengi. Dereva, jiandaeni.

Ndipo akaja Bwana Mauzo. Alishuka garini, akatazama juu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee, mwanamke yuko wapi? Wateja wetu ni kina mama."

Mama Duka akatoka na ufagio. "Wateja wa duka hili nawajua mimi. Mtungi wa juzi kachukua kinyozi. Wa jana kachukua mwalimu, naye hana mke wala mchumba."

"Maagizo ni maagizo, mama. Lazima awepo mwanamke karibu na jiko."

"Karibu kiasi gani?" nikamuuliza.

"Karibu kabisa. Aliguse."

Nikamwambia sawa. Kesho yake nikamweka. Amepiga goti kando ya jiko, ovaroli imemmeza, spana mkononi, anakaza mpira wa gesi. Analigusa jiko, hawezi kulalamika. Kucha zake zina masizi, na kila ukucha nimeuchora kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo. Nilichukua muda mrefu kwenye uso, Chiriku, maana nilidhani nauweza kwa kufumba macho. Kumbe nilikuwa nachora tabasamu la kampuni muda wote huo. Lako linapinda upande mmoja. Sasa limepinda.

Bwana Mauzo amekuja, amesema yeye hana uamuzi. Mkubwa wao atafika mwisho wa mwezi huu kuukagua. Akikataa, ukuta unapakwa chokaa. Ndoo ya chokaa imeshaletwa, iko mlangoni kwa Mama Duka, na yeye ameweka chungu cha maua juu ya kifuniko.

Nilitaka mjue kwamba mko pale, kwa leo.

Baba yenu,
Fundi Brashi


17 Mei

Baba, Baba, Baba!

Shikamoo! Nimeisomea barua yako juu ya benchi la karakana, nikapiga kelele mpaka mteja akadhani umeme umenipiga. Mume wangu ameisoma akiwa amesimama jikoni, akazima jiko. Akazima jiko, Baba, na kitunguu kikiwa katikati! Akaenda kunawa uso uani, akakaa huko.

Nikamfuata. Nikamuuliza kama amekasirika kuchorwa na aproni ya maua. Akasema, "Mzee ameninyanyua ukutani mbele ya stendi nzima." Nimemshika mikono yake laini ya mama na tukakaa hivyo mpaka harufu ya kitunguu ikapoa.

Halafu tukapanga. Chokaa ije au isije, sisi lazima tuuone ukuta huo kwa macho yetu, na ni lazima huyo mkubwa atukute chini yake. Mume wangu ameomba ruhusa kazini, akaulizwa sababu, akasema, "Nakwenda kupika." Wamecheka, wamempa. Mimi nimemwambia bosi wangu kuna jiko linalonihitaji, na sikudanganya.

Muulize Mama Duka kama atatuazima jiko moja la hao hao wenye kampuni, tuliweke nje, mbele ya ukuta, mahali pasipo na upepo. Mume wangu atapika wali pale hadharani na aproni yake. Mimi nitakaza mpira wa gesi, halafu nitakaa nile na kufumba macho. Yule dada wa ndoo aambiwe shemeji zangu wawili wanakuja nasi. Huyo mkubwa akitaka kujua kina mama wanajali nini, aje na sahani.

Maharage ni ya kwako. Mume wangu anasema hayagusi, yaanze kulowekwa ukituona tunashuka. Mama nimeshamwandikia. Amejibu kwa mstari mmoja: yeye na dada na mtoto wanakuja pia, anataka kumwona mumewe akishika mwiko kabla hajakubali kwamba ni kweli.

Mzuie mkubwa kwa mazungumzo akiwahi. Mpe kiti kinachotazama ukuta. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, sote, na njaa zetu.

Binti yako wa ukutani na wa chini,
Chiriku